Mikono ya Mzee, Taya za Kijana: Dopamini na Vipokezi Vyake Meru na Embu

Mazungumzo yetu leo yanahusu kemikali ndogo sana iliyomo ubongoni mwa kila mmoja wetu. Kwa sehemu kubwa, ndiyo inayoamua kama asubuhi utaweza kufunga vifungo vya shati lako, na kama utaamka na hamu ya kwenda shambani au utabaki kitandani ukiutazama ukuta. Kemikali hiyo inaitwa dopamini. Nayo dopamini haifanyi kazi peke yake: inapotoka kwenye neva moja, lazima ipokelewe na neva nyingine, na mahali inapopokelewa huitwa vipokezi.

Nina hoja moja tu, nami nitaitaja mapema. Vipokezi hivi havikai vilevile maisha yote. Neva zinapokufa, hubadilika. Ubongo unapofurikishwa dopamini siku baada ya siku, hubadilika. Dawa inapoviziba, hubadilika pia. Na mabadiliko hayo yamejificha nyuma ya mambo mengi ambayo sisi tumezoea kuyaita uzee, uvivu, laana au kurogwa.

Tuanze na mzee.

Kila kijiji kina mzee wa namna hii. Mkono wake mmoja hutetemeka akiwa ameuweka gotini, ametulia, haufanyi kazi yoyote. Akiunyosha kuchukua kikombe, tetemeko hupungua. Hatua zake zimekuwa fupi, anaburuta miguu, na anapotembea mkono mmoja haupungi kama zamani. Sauti imefifia, mwandiko umekuwa mdogo, na uso umekaza hata wajukuu wanadhani babu amenuna. Ukimuuliza vizuri, pengine atakwambia kwamba miaka kadhaa kabla ya tetemeko alianza kukosa kunusa: kahawa ikikaangwa hasikii harufu yake. Familia husema ni umri, na jirani akiongeza yake, husema kuna mtu amemfanyia jambo.

Huo si umri tu, na hakuna mtu aliyemfanyia jambo. Dalili hizo zikikaa pamoja, mara nyingi ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu ya kati, kuna kiini chenye rangi nyeusi. Seli za kiini hicho hutengeneza dopamini na kuipeleka katika eneo linaloratibu mwendo wa mwili. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Siku mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kufa, na dopamini katika eneo la mwendo imepungua kwa zaidi ya nusu.

Sasa jiulize: kama hasara ni kubwa hivyo, kwa nini mzee hakuugua mapema? Kwa nini aliendelea kupalilia na kukamua ng'ombe miaka yote ile huku seli zikifa? Jibu moja liko kwenye vipokezi.

Wewe unayenisikiliza kutoka bonde lolote chini ya milima ya Nyambene unajua jambo hili kwa mikono yako mwenyewe. Mawimbi yakidhoofika, unavuta antena na kuongeza sauti ya redio, ili neno lililofika kwa unyonge lisikike. Vipokezi vya dopamini hufanya vivyo hivyo. Dopamini inapopungua, neva zinazoipokea huongeza vipokezi na kuvifanya viwe vyepesi zaidi kuitikia, na neva zilizobaki hai nazo hujitahidi kutoa zaidi. Kwa njia hiyo ubongo hustahimili upungufu kwa muda mrefu. Lakini kama redio imefunguliwa hadi mwisho na mawimbi yakarudi ghafla kwa nguvu, sauti hupasua masikio. Na kama mtu ameizoea sauti kubwa mno, akaipunguza redio yake hadi chini, siku mawimbi yatakapokuwa ya kawaida hatasikia kitu. Naomba ushike mambo hayo mawili, maana yote niliyobakiza yamo humo.

Wanasayansi hawakulifikia jambo hili kwa kubahatisha. Mwaka 1939 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, aliandika kanuni kwamba kiungo kilichokatiwa neva yake huwa kikali zaidi kwa ile kemikali kilichozoea kuipata kutoka kwenye neva hiyo. Mwaka 1971 Urban Ungerstedt wa Sweden aliziharibu neva za dopamini upande mmoja tu wa ubongo wa panya, kisha akawapa dawa inayoamsha vipokezi vya dopamini moja kwa moja. Panya wale walianza kuzunguka mduara, wakielekea upande ambao neva zake zilikuwa nzima, kwa sababu vipokezi vya upande ulioharibiwa viliitikia dawa ile kwa nguvu kuliko vya upande mzima. Mwaka 1977 Ian Creese, David Burt na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakaipima hali hiyo, na wakakuta kweli upande ulioharibiwa ulikuwa na vipokezi vingi zaidi. Baadaye picha za ubongo wa wagonjwa wa Parkinson walio hai, ambao bado hawajaanza dawa, zilionyesha jambo lilelile: aina ya vipokezi inayoitwa D2 huongezeka katika upande wa ubongo ulioathirika zaidi.

Ziko aina tano za vipokezi vya dopamini, kuanzia D1 hadi D5. Kwa mwendo wa mwili, vikubwa ni D1 na D2. Kwa maneno mafupi, D1 husaidia kuanzisha mwendo unaotakiwa, na kupitia D2 dopamini hulegeza breki inayozuia mwendo. Dopamini ikikosekana, mwili unakosa msukumo na papo hapo breki inakaza. Ndiyo sababu mgonjwa hukwama mlangoni, akitaka kupiga hatua na mguu haunyanyuki.

Dawa ipo, na imekuwepo kwa zaidi ya nusu karne. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha mwaka 1957 kwamba wanyama waliokauka kwa kukosa dopamini waliamka walipopewa levodopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kwa kazi yake hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, wakakuta dopamini imekauka. Mwaka 1967 George Cotzias, akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba levodopa ikitolewa kwa kipimo kinachopandishwa polepole humrudishia mgonjwa mwendo wake. Leo vidonge huchanganya levodopa na kabidopa, inayozuia dawa isiishie mwilini kabla ya kufika ubongoni.

Mgonjwa anapoanza vidonge, mara nyingi nyumba nzima hufurahi. Mzee aliyekuwa akivalishwa anavaa mwenyewe. Lakini nataka wanaomuuguza waelewe yanayofuata, ili yasije yakawashtua. Neva zenye afya hutoa dopamini kwa mtiririko wa taratibu, mchana na usiku. Kidonge huileta kwa wimbi, kisha wimbi linashuka. Ugonjwa unapoendelea na neva za kuhifadhi dopamini zinazidi kuisha, vipokezi vilivyo vyepesi kupita kiasi hupigwa na wimbi hilo mara kadhaa kwa siku. Kadiri miaka inavyokwenda, njia za neva zenye vipokezi vya D1 hubadilika ndani kwa ndani, na mgonjwa huanza kuchezacheza mwili bila kukusudia: bega linazunguka, shingo inapinda, mguu unapiga. Hapo jirani husema dawa za hospitali zimemwingiza mzee wazimu. Hapana, msikilizaji. Hayo ni mabadiliko ya vipokezi, na daktari anaweza kuyapunguza kwa kugawa dawa katika vipimo vidogo vya mara nyingi, au kwa kubadilisha dawa yenyewe.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwako kuna mtu anayemeza levodopa, mambo matatu. La kwanza, saa ni sehemu ya dawa. Kidonge cha saa mbili kimezwe saa mbili. La pili, dawa hii hugombania njia na protini ya chakula. Githeri ya maharagwe, njahi, maziwa na nyama ni vyakula vizuri, ila kidonge kikimezwa nusu saa hivi kabla ya chakula hufanya kazi vizuri zaidi. La tatu, na hili ndilo kubwa: usimwachishe mgonjwa dawa kwa ghafla, hata kama kuna mhubiri au mganga aliyemtangazia kupona. Vipokezi vilivyozoea dawa vikinyimwa kwa siku moja, mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, na mtu akafa.

Je, wagonjwa hawa ni wengi kwetu? Jirani zetu wametupa picha. Katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako watu hulima kahawa na migomba kama sisi, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Katika jamii ya watu 161,071 walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na karibu wanne kati ya kila watano hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Idadi yenyewe ni ndogo, na sababu moja ni kwamba ugonjwa huu huwapata zaidi wazee, na jamii zetu zina vijana wengi. Lakini wazee wetu wanazidi kuishi miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 kulikuwa na watu zaidi ya milioni 8.5 wenye ugonjwa huu duniani. Hapa Kenya, utafiti kuhusu maduka ya dawa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dawa za Parkinson hazipatikani kila mahali, na zinapopatikana bei yake huwalemea wengi. Mkulima wa majani chai aliyelipwa bonasi yake mara moja kwa mwaka hawezi kununua kidonge cha kila siku bila kusaidiwa.

Nigusie jambo moja la shambani kabla ya kumwacha mzee. Tafiti za nchi kadhaa zimehusisha dawa ya kuua magugu ya parakwati na hatari kubwa zaidi ya Parkinson, na Umoja wa Ulaya haujairuhusu tangu mwaka 2007. Unayepulizia dawa shambani, soma kibandiko, vaa glavu na barakoa, na usiwatume watoto kazi hiyo.

Sasa tumgeukie kijana.

Mti wa miraa una historia ya heshima katika Igembe na Tigania. Kifungu kilichofungwa kwa ustadi, kinachoitwa ncoolo, hupelekwa kwa wazazi wa msichana posa inapoanza, na zamani kutafuna kulikuwa na wakati wake na watu wake, hasa wazee. Huko Mbeere, nduguye miraa, yaani muguka, umesomesha watoto katika ardhi ambayo mvua yake haitabiriki. Ni mmea wa aina moja. Tofauti ni kwamba mlaji wa miraa humenya na kutafuna ganda la vijiti vichanga, naye mlaji wa muguka hutafuna majani na vichomozo. Sheria ya Kenya inautambua mmea huu kama zao, na mwaka 2023 zikatungwa kanuni za kuusimamia. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipopiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata, wakulima wa Embu walikwenda Mahakama Kuu mjini Embu, nayo ikasimamisha marufuku hayo. Pwani ilizungumza kuhusu watoto wake, Embu ikazungumza kuhusu karo na chakula. Wote walikuwa na uchungu wa kweli. Lakini katika kelele zote zile, ubongo wa anayetafuna haukuzungumziwa vya kutosha.

Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitenga kutoka kwenye majani mabichi ya mmea huu kemikali iitwayo katinoni. Hiyo ndiyo nguvu ya miraa. Jani likikauka, katinoni hugeuka kuwa kemikali hafifu zaidi, na katika muda wa siku mbili hivi nguvu yake kubwa inakuwa imepotea. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ibaki na unyevu, na ndiyo maana magari yanayotoka Maua kwenda Nairobi hukimbia yanavyokimbia.

Katinoni ikifika ubongoni huingia kwenye ncha za neva na kuzilazimisha zimwage dopamini ambayo zilikuwa zimeihifadhi. Hapo ndipo inapotoka ile hali ambayo walaji huiita handas: usingizi umekimbia, maneno yanatiririka, mipango ya biashara inajengwa na kukamilika kabla ya alfajiri. Dopamini hiyo haikuongezwa na jani. Ni akiba ya ubongo wenyewe iliyotolewa yote kwa usiku mmoja. Kesho yake akiba iko chini, na mlaji anaamka mzito, mwenye hasira, hana hamu na lolote.

Akifanya hivyo mara moja moja, ubongo hujirekebisha. Akifanya kila siku, kutoka saa tisa alasiri hadi usiku wa manane, mwaka baada ya mwaka, ubongo unaweza kuchukua hatua iliyo kinyume cha ile ya mzee wetu. Huenda vipokezi vya D2 vikapungua na kufa ganzi. Nora Volkow na wenzake huko Marekani walipiga picha za ubongo wa watu waliozoea kokeini na methamfetamini, wakakuta vipokezi hivyo vichache kuliko kwa watu wengine. Lazima niseme wazi kwamba picha zile hazikuwa za walaji wa miraa, na jani linalotafunwa huingia mwilini polepole kuliko unga unaovutwa au kudungwa. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilisema mwaka 2006 kwamba uwezo wa miraa wa kumfanya mtu mtumwa ni mdogo. Lakini katinoni hupita katika mlango uleule wa dopamini, na majaribio ya panya waliodungwa katinoni mara nyingi yalionyesha dopamini yao ikipungua kwa muda mrefu. Na sisi tunaoishi hapa tumewaona wenzetu.

Tumemwona kijana ambaye zamani alifurahia mpira, kwaya, mazungumzo ya jioni na hata chakula cha mama yake, na sasa hakuna kinachomfurahisha mpaka shavu lijae. Mama humwita mvivu. Baba humwita mpotevu. Mimi nasema huenda vipokezi vyake vimeshuka, na furaha za kawaida, zinazokuja na dopamini ya kawaida, hazimfikii tena. Anatafuna ili ajisikie kama wenzake walivyo bila kutafuna. Takwimu za mwaka 2022 za NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, zilionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila 28, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia miraa au muguka. Katika vijiji vinavyolima, idadi huwa juu zaidi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu 831 katika eneo la mashambani linalolima miraa hapa Kenya, ulikuta karibu 37 kati ya kila 100 wanatafuna. Ulikuta pia kwamba kusikia au kuona yasiyokuwepo kulionekana zaidi kwa wale wanaotafuna.

Matokeo hayo ndiyo yanayonileta kwa mgonjwa wa tatu, ambaye husahaulika kabisa.

Huyu ni yule aliyetafuna siku kadhaa bila kulala, akaanza kusikia sauti, akaamini ndugu zake wanataka kumuua. Amefikishwa hospitali na akapewa dawa ya kutuliza akili, kwa mfano haloperidoli. Dawa hii hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya D2. Sauti zinanyamaza, na hilo ni jema kubwa. Lakini vipokezi vinavyozibwa ni pamoja na vile vya mwendo, na ndani ya siku au wiki chache baadhi ya wagonjwa hukakamaa, hutetemeka na kutembea kama mzee wa Parkinson, ingawa hakuna neva hata moja iliyokufa. Familia ikiona hivyo huitupa dawa jalalani.

Na dawa ikitumika kwa miezi au miaka, vipokezi vilivyozibwa hufanya kama vile vilivyokosa dopamini: huongezeka na kuwa vyepesi kupita kiasi. Baadhi ya wagonjwa huanza kuchezesha midomo, ulimi na taya mfululizo, mtu anatafuna na kinywani hamna kitu. Katika nchi ya miraa, mtu wa namna hiyo hudhaniwa amerudia kula, akachapwa au akafukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hakulitenda. Naomba sana, kabla hujamhukumu mtu kwa taya zake, fungua kinywa chake uangalie. Kama hamna jani, mrudishe kliniki haraka, kwa sababu hali hiyo ikigunduliwa mapema kuna nafasi nzuri zaidi ya kuipunguza. Na usimkatizie dawa wewe mwenyewe. Vipokezi vilivyoongezeka, siku dawa inapoondolewa ghafla, huachwa wazi mbele ya dopamini yote, na wazimu unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Akichanganya na miraa ndiyo hatari zaidi: dawa inafunga mlango, na jani linausukuma kutoka upande wa pili.

Msikilizaji, usije ukasema nimedai kwamba miraa huleta Parkinson. Sijasema hivyo, na haijathibitishwa hivyo. Huko Latvia na nchi nyingine za Ulaya Mashariki kuna watu waliopata ukakamavu mbaya wa mwili baada ya kujidunga methkatinoni iliyotengenezwa majumbani, ndugu wa katinoni, lakini kilichowaharibu kilikuwa madini ya manganizi yaliyobaki ndani ya mchanganyiko ule. Ninachosema ni kwamba mzee, kijana na mgonjwa wa akili wanakutana katika vipokezi vilevile, na kila mmoja anahitaji kueleweka kwa jinsi vyake vilivyobadilika.

Lipo tumaini, nami sitaki uende bila kulisikia. Kilichobadilika kwa matumizi kinaweza, kwa kiasi kikubwa, kubadilika tena kwa kuacha. Mwaka 2001 kikundi cha Volkow kilionyesha kwamba watu waliokaa mwaka mmoja au zaidi bila methamfetamini walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya vibebaji vya dopamini walivyopoteza, yaani vile vinavyoirudisha dopamini ndani ya neva iliyoitoa, ijapokuwa si kila uwezo wao ulirudi kwa kasi hiyo. Maana yake kwa kijana wa Mutuati au wa Ishiara ni hii: ukiacha leo, wiki za kwanza zitakuwa mbaya. Utalala sana, utaota ndoto za kutisha, mikono inaweza kutetemeka, na moyo utakuwa mzito. Hizo si dalili kwamba umeshindwa. Ndivyo vipokezi vinavyojirekebisha, navyo havirudi kwa siku tatu. Vipe miezi. Lala usiku, kula vizuri, fanya kazi ya mikono, kaa na watu wasiotafuna. Na ninyi wazazi, mtoto akijaribu akaanguka wiki ya pili, msimcheke. Msaidieni aanze tena.

Kwa viongozi wa kaunti zetu mbili, Meru na Embu, nina ombi. Ushuru wa miraa na muguka unakusanywa kila siku barabarani. Sehemu yake iende kwenye mambo yanayoonekana: levodopa isikosekane katika Hospitali ya Rufaa ya Meru na ile ya Embu, wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe kulitambua tetemeko la mkono uliopumzika, na kila kliniki ya afya ya akili impime mgonjwa mwendo wake na kinywa chake kila anaporudi kuchukua dawa. Hayo hayamwondolei mkulima zao lake hata shina moja.

Na kwako wewe uliyenisikiliza hadi hapa: wiki hii mtazame mzee wako anavyotembea. Kama mkono mmoja unatetemeka akiwa ametulia, au mkono mmoja haupungi, usingoje mwaka mpya. Mpeleke hospitali, mweleze daktari alianza upande gani na lini, na umtajie dawa zote anazomeza pamoja na kama anatafuna miraa au muguka. Usifiche kwa aibu, kwa maana daktari asiyejua vipokezi vya mgonjwa wake vimepitia nini anaweza kumpa dawa isiyomfaa. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza, lakini una dawa, na mgonjwa anayeanza dawa kwa wakati anaweza kuishi miaka mingi akijilisha na kujivalisha mwenyewe.